Nilimkemea Mtoto, Kumbe Ufa ni wa Zamani

Ndugu msomaji, jambo nitakalolisimulia leo ni dogo, nalo lilitokea nyumbani kwangu Mlandege, usiku wa siku ya kazi, baada ya sala ya Isha. Sikuwa na nia ya kulitia gazetini. Lakini kila nilipolieleza kwa wenzangu ofisini, aliyelisikia alinijibu kwa kisa chake cha namna hiyo hiyo. Huyu mwanawe alivunja redio, yule alimlaumu mkewe kwa pasi iliyoungua, na mwingine hawasemezani na nduguye hadi leo kwa sababu ya baiskeli. Nikaona afadhali tulizungumze sote.

Ninayo kompyuta ya kupakata, ambayo wengi huiita laptopu, ile inayofunguliwa na kufungwa kama kitabu. Niliinunua ikiwa imekwisha kutumika, na nimefanya nayo kazi kwa miaka 5. Usiku huandikia makala zangu. Mchana binti yangu, mwenye umri wa miaka 12, huitumia kwa masomo yake. Usiku huo aliitoa mezani akaifungua. Ikalia "ka!" kama ukuni mkavu. Pembe ya kushoto ya gamba lake ikafumuka, plastiki ikapasuka kando ya bawaba, na kifuniko chenye kioo kikalala upande mfano wa mlango uliong'oka.

Nilimsimamia mtoto nikasema maneno ambayo mengine sitayaandika. Nilisema kwamba hajui thamani ya kitu, kwamba mikono yake haina adabu, na kwamba tangu siku hiyo asiiguse tena. Yeye alisema mara moja tu: "Baba, mimi nimefungua tu." Sikumsikiliza. Mama yake alinitazama, akanyamaza. Na kunyamaza kwa mama wa nyumba, waume wenzangu mwajua, si kukubali.

Siku ya pili niliipeleka kwa fundi. Kwa msomaji asiyeijua Mlandege, huu ni mtaa wa Ng'ambo ulio karibu na soko la Darajani, mtaa wa maduka na pilikapilika, na fundi wa simu na kompyuta hatafutwi mbali. Fundi aliigeuza, akaibonyeza pembe kwa kidole, akaniambia kwamba gamba zima halina budi kubadilishwa, kwamba lingeagizwa Dar es Salaam, na bei aliyoitaja ilikaribia nusu ya fedha nilizonunulia kompyuta yenyewe. Simlaumu. Fundi akitia gundi leo, na kitu kikarudi wiki ijayo kimevunjika pale pale, jina linaloharibika ni lake. Lakini mshahara wangu ulikuwa umekwisha kupangiwa kazi zake tangu haujatoka, nikairudisha kompyuta nyumbani, nimeifunga kwa kanga ya mke wangu kama mgonjwa aliyetolewa hospitali bila dawa.

Ikakaa juu ya kabati siku tatu. Katika siku hizo binti yangu alinisalimu asubuhi na jioni, akanitengea chakula, akanijibu kila nilichomwuliza. Wala hakusema zaidi ya hayo.

Siku ya Ijumaa alikuja ami yangu, mdogo wake marehemu baba. Ami alikuwa fundi wa vyombo vya baharini. Majahazi na madau mengi yamepita mikononi mwake kabla macho hayajaanza kumpa taabu. Baada ya chakula aliuliza kitu gani kilichofungwa kanga juu ya kabati. Nikamweleza, na katika maelezo yangu sikusahau kumtaja aliyevunja.

"Umeifungua ukauona ufa ulikoanzia?" akaniuliza.

"La, ami. Sijaifungua."

"Basi mwanangu, umejuaje aliyevunja?"

Sikuwa na jibu. Nikaenda jirani kuazima bisibisi ndogo, zile za mafundi wa saa. Nilimwita binti yangu aje atushikie tochi. Akajibu kwa adabu kwamba anaosha vyombo. Tochi akaishika mama yake.

Nieleze sasa tulivyofanya, maana huenda yupo msomaji mwenye kompyuta juu ya kabati lake. Kwanza, chombo huzimwa kabisa na waya wa umeme huchomolewa. Pili, skrubu za chini hufunguliwa moja moja. Kwa kuwa hazilingani urefu, tulichora umbo la kompyuta juu ya karatasi na kuichomeka kila skrubu mahali pake katika mchoro. Skrubu ndefu ikirudishwa mahali pa fupi hutoboa, na hasara huwa mbili. Tatu, gamba halivutwi kwa nguvu. Hutenganishwa taratibu pembeni kwa kitu laini cha plastiki, kama vile kadi ya simu ya zamani, kwa sababu ndani zimo nyaya bapa, nyembamba kama utepe, zinazounganisha kibodi na mtambo. Nne, kabla ya kugusa kitu kingine chochote, plagi ndogo ya betri huchomolewa.

Na hapo pa betri nataka msomaji asimame kidogo. Yapo magamba yanayofumuka si kwa kuangushwa, bali kwa betri iliyovimba ndani na kuyasukuma. Ukiifungua kompyuta ukaikuta betri imetuna kama mto, acha kazi. Usiibonyeze, usiitoboe, wala usiirudishie chaji, kwani betri za lithiamu zikitobolewa huweza kuwaka moto ghafla. Huyo ni mgonjwa wa fundi, si wa meza ya kulia chakula. Yetu, alhamdulillahi, ilikuwa bapa kama ilivyotoka kiwandani.

Tukaifikia bawaba. Ami aliinama mpaka pua yake ikakaribia kugusa plastiki, akamwambia mke wangu asogeze tochi, kisha akaniita.

"Tazama hapa," akasema. "Ufa huu una rangi mbili."

Nikatazama. Sehemu kubwa ya mpasuko ilikuwa ya kijivu, imejaa vumbi laini lililogandamana na mafuta. Mwishoni tu, pembeni kabisa, palikuwa na kipande kifupi kama punje ya mchele, cheupe na kisafi.

"Hiki cheupe ndicho cha juzi," ami akasema. "Hiki cha kijivu kina miezi, pengine mwaka. Ubao wa jahazi hupasuka hivi hivi. Baharia wa mwisho kuukanyaga ndiye anayelaumiwa, lakini ufa ulianza wengine wakiwa nahodha."

Mke wangu hakusema neno. Aliushikilia mwanga pale pale.

Ndugu msomaji, bawaba ya kompyuta si sawa na bawaba ya mlango. Ya mlango hutakiwa iachie, mlango uende na kurudi kwa wepesi. Ya kompyuta hutakiwa ishike, ili kioo kisimame popote unapokiacha. Ndani yake mna kijiti cha chuma kilichobanwa na vizingo vya chuma na nati ndogo, na msuguano wa vyuma hivyo ndio unaokizuia kioo kisianguke. Kati yao hupakwa grisi. Grisi ikikauka, au kutu ikiingia, bawaba hukaza. Nasi wa Unguja twaishi katika hewa ya chumvi na unyevu mwaka mzima. Hapo nguvu ya mkono, isipoweza kukizungusha kijiti, hutafuta pengine pa kwenda, na hapo pengine ni plastiki. Maana skrubu zinazoishika bawaba huingia katika vipete vidogo vya shaba ya manjano, navyo vipete vimezamishwa kwa joto katika vinguzo vya plastiki visivyozidi unene wa penseli. Kila ufunguapo, kinguzo huvutwa. Hakivunjiki siku ya kwanza wala ya mia. Huchoka kidogo kidogo, hadi siku moja kikakatika mkononi mwa aliyekuwapo.

Ukiinua kifuniko kwa kukishika katikati, kwa mikono miwili, nguvu hugawanyika kwa bawaba zote mbili. Ukikiinua kwa kukishika pembeni, bawaba moja hubeba mzigo wa mbili. Na hapo ndipo nilipoanza kuona haya, maana nyumbani kwetu ni mtu mmoja tu mwenye mazoea ya kuinua kifuniko kwa pembe ya kushoto, kwa mkono mmoja, huku mkono wa pili umeshika kikombe cha chai. Mtu huyo ndiye aandikaye makala haya. Kadhalika nilikumbuka kwamba tangu masika kompyuta ilikuwa ikilia ninapoifungua, na kwamba mke wangu aliwahi kuniambia, "Hii imeanza kulalamika." Nilimjibu kwamba vitu vya zamani ndivyo vilivyo. Wahenga walitufundisha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ufa sikuuziba, na ukuta nikataka kumjengesha mtoto.

Ami aliomba maji ya kunywa, akanywa, akasema, "Gundi haikamati penye uchafu. Kasafishe kwanza." Nilidhani anasema habari ya plastiki. Nikainuka kutafuta kitambaa. Akanionyesha kwa kidevu upande wa jikoni.

Kumwomba mtoto radhi ni jambo ambalo wengi wetu hatukulelewa nalo. Sikumbuki kuliona kwa baba yangu, Mungu amrehemu, na sidhani kama yeye aliliona kwa baba yake. Sisi tukikosea kwa mtoto, aghalabu humnunulia pipi, au humtuma dukani na kumwambia abaki na chenji, na mtoto hutakiwa aelewe mwenyewe. Nilisimama kwenye mlango wa jiko kwa muda ambao haukuwa mfupi. Vyombo vilikuwa vimekwisha kuoshwa zamani. Alikuwa akivifuta mara ya pili.

"Mwanangu," nikamwambia, "kompyuta hukuivunja wewe. Nimeivunja mimi, kidogo kidogo, na wewe umeikuta inamalizika. Nimekusema bure. Niwie radhi."

Aliendelea kufuta sahani. Kisha akauliza, "Umejuaje, Baba?"

"Njoo uone."

Alikuja. Ami akamwonyesha rangi mbili za ufa, naye akazitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyozitazama mimi. Halafu akaichukua tochi kutoka kwa mama yake.

Kazi ya kutengeneza tuliifanya wanne. Tulianza na bawaba yenyewe, kwa kuwa kuunga plastiki bila kulegeza bawaba ni kujitayarishia mvunjiko mwingine. Tuliitoa kabisa, tukailegeza nati yake kwa robo ya mzunguko, tukatia tone moja la mafuta ya cherehani, tukaikunja na kuikunjua kwa mkono mara nyingi, kisha tukafuta mafuta yote yaliyotoka nje. Isikaze, lakini pia isilegee mno, la sivyo kioo kitaanguka chenyewe.

Kisha tukaja kwenye plastiki. Magamba ya kompyuta nyingi hufanywa kwa plastiki iitwayo ABS, au kwa mchanganyiko wa ABS na polikaboneti, na mara nyingi upande wa ndani wa gamba huchapwa herufi hizo. ABS ndiyo plastiki ya vitofali vya kuchezea vya LEGO tangu mwaka 1963, na hukubali gundi vizuri. Ndoo na madumu mengi ni ya plastiki za namna nyingine, nazo hukataa gundi kabisa, hata mtu akadhani kwamba plastiki zote haziungiki.

Gundi nazo hazifanani. Ile ya maji, inayokamata papo hapo, ndiyo inayokimbiliwa na kila mtu. Ina kazi yake, lakini ikikauka huwa ngumu kama kioo, na mahali panapovutwa kila siku hukatika. Zaidi ya hayo, tone likiteleza likaingia katika kibodi, huzigandisha herufi. Sisi tuliitumia tone moja tu, kwa kuvisimamisha vipande mahali pake. Kazi ya nguvu tuliiachia gundi ya mirija miwili, ambayo wengi twaijua kwa jina la Araldite. Hukamuliwa kiasi sawa kutoka kila mrija, ikachanganywa vyema kwa njiti ya kiberiti. Ipo inayoshika baada ya dakika chache, na ipo inayotaka usiku mzima. Hiyo ya pili, kwa mwenye subira, huwa na nguvu zaidi.

Kabla ya kuipaka, tuliufuta ufa kwa spiriti na kuuparuza kwa msasa mwembamba, ili gundi ipate pa kushika. Ami alifurahi kuliona hilo. Akatueleza kwamba hata jahazi, kabla ya kukalafati, mshono hukwanguliwa kwanza pamba ya zamani ikatoka yote. Pamba mpya juu ya uchafu haikai. Akamhadithia binti yangu juu ya mitepe ya kale ya pwani yetu, ambayo mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja. Mshono ulipochoka, watu waliukata na kuushona upya, chombo hakikutupwa.

Binti yangu ndiye aliyeuliza kama plastiki nayo yaweza kushonwa. Swali hilo ndilo lililoitia kazi yetu nguvu. Tulichukua chujio la chai lililotoboka, tukakata kipande cha wavu wake wa chuma chenye ukubwa wa stempu, tukakilaza juu ya ufa na kukizika ndani ya gundi, kama fundi ujenzi anavyozika nondo ndani ya zege. Tulihakikisha kwamba hakuna uzi wa chuma uliochomoza, maana chuma kikigusa mtambo huunguza. Kipete cha shaba tulikirudisha katika kinguzo chake na kukizungushia gundi. Skrubu yake tuliipaka mafuta ya mgando kidogo, ili gundi isiigandishe humo milele. Kisha tukabana kila kitu kwa vibanio vya nguo, tukaiweka kompyuta juu ya kabati pale pale ilipokuwa, safari hii bila kanga.

Ami alituagiza tusiiguse kwa saa 24. Nilijaribiwa kuichungulia asubuhi, nikakemewa na mwenye umri wa miaka 12.

Ni mwezi wa 7 sasa. Kompyuta inafunguka bila kelele, na makala haya yameandikwa humo. Kovu lipo: pembe ya kushoto ina kivimbe kidogo chenye rangi ya asali. Gharama yote haikufika shilingi 10,000, ukiacha chujio, ambalo mke wangu asema bado nadaiwa.

Sisemi kwamba kila kitu kitengenezwe nyumbani, wala kwamba mafundi wetu hawana kazi. Lakini fedha zetu ni chache na taka zetu ni nyingi. Taarifa ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 ilieleza kwamba katika mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vyombo vya umeme na elektroniki, na kwamba ni asilimia 22.3 tu zilizothibitika kukusanywa na kushughulikiwa ipasavyo. Ndani ya hesabu hiyo vimo vyombo vingi ambavyo moyo wake ulikuwa mzima na kilichokufa ni bawaba. Sisi tuishio kisiwani twajua kwamba kinachotupwa hakiendi mbali.

Lakini hilo silo lililonifanya niandike. Katika nyumba zetu kila kitu huvunjika mkononi mwa mtu, na kwa kawaida mtu huyo ndiye mdogo kuliko wote: mtoto, au msichana wa kazi, au ndugu aliyekuja kutoka shamba. Yeye ndiye anayetumwa, ndiye anayebeba, ndiye anayeosha. Kwa hiyo ndiye anayekuwapo kitu kinapofikia mwisho wake. Sisi wakubwa tulioanza kukichosha huwa tumekwisha kuondoka mahali hapo, tumekaa kitini na maneno tayari mdomoni. Kabla ya kuyatoa, ndugu msomaji, chukua bisibisi. Fungua kwanza, uutazame ufa una rangi ngapi.

Binti yangu ameirudia kompyuta. Huifungua kwa mikono miwili, katikati ya kifuniko. Juzi usiku nilijisahau, nikanyoosha mkono wangu mmoja kuelekea pembe ya kushoto, kikombe cha chai kikiwa katika mkono wa pili. Hakusema neno, alikipokea kikombe tu, akasubiri.